Daftari la Mama wa Kashikishi

Habari ya msiba ilifika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, kwa simu, alfajiri, watu wakiwa bado hawajatoka kwenda mashambani. Mama wa duka wa Kashikishi amefariki. Mwanamke aliyeipokea simu hiyo aliketi juu ya kinu alichokuwa amekipindua kikauke, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Binti wa mdogo wake, aliyekuwa akiwasha moto, alimwacha kwanza anyamaze, kisha akamuuliza kwa upole: "Pole, mama mkubwa. Huyo mama alikuwa wa shirika gani?"

Hakumjibu. Alijua kwamba mtoto hakukusudia ubaya. Binti huyo alivushwa mpaka wa Kongo mwaka 2017 akiwa mdogo, na tangu siku hiyo kila aliyempa blanketi, sabuni au sindano ya surua alikuwa amevaa kizibao chenye nembo mgongoni. Atajuaje kwamba watu waliwahi kupokelewa na mama aliyevaa khanga iliyochujuka na kandambili?

Mama mkubwa alivuka mara ya kwanza mwaka 2000, akiwa msichana. Kwao ni Pweto, pale maji ya Ziwa Mweru yanapotoka na kuwa mto Luvua. Kwa miaka mingi amesimulia kwamba walifika Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa hilo, mkesha wa Krismasi. Pweto ilianguka vitani mwanzoni mwa Desemba, na yeye hana hakika walilala vichakani siku ngapi kabla ya kuingia Chiengi na kuanza kushuka kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Basi ilikuwa Desemba. Asichoweza kukosea ni harufu.

Ilikuwa harufu ya chisense. Chisense ni samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa juu ya mchanga. Jua likiwaka hukauka kwa siku moja na harufu yake huwa nyepesi, ya chumvichumvi. Mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka, huanza kuoza, na harufu inaingia kwenye nywele, kwenye unga, hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Desemba ni mwezi wa mvua. Ndiyo maana mpaka leo, akipita soko lolote penye chisense waliolowa, miguu yake inaanza kuuma kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

Hao walikuwa masalia, kwa kuwa ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka uvuvi husimamishwa Mweru kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na katika miezi hiyo kitoweo na fedha huadimika pamoja. Wageni walifika katika msimu ambao wenyeji wenyewe walikuwa wakikopa chumvi.

Waliokuwa wakikopa walikopa kwa mama wa duka. Watu walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi ya huko. Duka lilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma: mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kikopo, sukari iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti, chumvi, betri, nyuzi za kushonea nyavu, na nyuma ya mlango magunia ya chisense wakavu yakingoja wachuuzi wa malori ya Copperbelt. Juu ya meza palikuwa na daftari la shule lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa madeni ya wavuvi. Ukiligeuza juu chini na kulifungua kwa nyuma, ulikuta wageni.

Kila familia ilikuwa na mstari wake. Wako wangapi, wamelala kwa nani, wamekosa nini. Sufuria. Mkeka. Mtoto anaharisha. Bibi hana viatu. Jumapili baada ya misa alisimama chini ya mwembe na kusoma mistari hiyo kwa sauti, na akina mama wakagawana: huyu sufuria, yule mkeka. Kitu kikishapelekwa, neno lake linakatwa kwa kalamu.

Fedha zilipatikana kwa njia ambayo mama mkubwa alichelewa kuielewa. Mvuvi aliyekuwa na deni la mafuta ya taa aliambiwa apunguze deni lake kwa kupeleka sahani ya samaki kwenye nyumba yenye wageni, ziwa litakapofunguliwa. Deni la ukurasa wa mbele lilikuwa likilipwa kwenye ukurasa wa nyuma. Na kwa kila gunia lililopanda lori, mama wa duka alitoa kikombe kimoja cha chisense na kukiweka kando. Ndicho kilichowalisha watu saba wa familia ya mama mkubwa, pamoja na bukari ya muhogo iliyopikwa na jirani. Siku ya kwanza aliwaambia "Mwaiseni", wakajibu "Aksanti", na hayo ndiyo maneno pekee waliyoelewana. Hakuwauliza wamekimbia nini. Aliwauliza, kwa vidole, wako wangapi.

Baadaye malori yaliwapeleka kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa, iliyokuwa imefunguliwa mwaka huohuo. Wengine walikuwa Mwange, upande wa Mporokoso, tangu 1999. Kala alijifunza maisha ya kadi: unga, maharagwe na mafuta kwa idadi ya vichwa. Hailaumu kambi hata kidogo, ilimlisha miaka saba. Huko ndiko alikoandika pia barua yake ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, ambayo kila mtu njiani anaweza kuisoma, na inayoruhusu habari za familia tu: nani yu hai, nani amezaa, nani amefariki. Usitaje vita wala siasa. Ilimtafuta kaka yake kwa miezi, ikipitishwa mikononi mwa watu wa kujitolea wa pande mbili za mpaka, na jibu lilirudi kwenye karatasi ileile kwa mwandiko wa kaka mwenyewe. Bado anayo.

Safari za kurudi Kongo zilianza 2007. Kala na Mwange zilifungwa 2010. Alijenga tena Pweto, akaolewa, akauza chumvi. Zambia ilipoifuta kwacha yake sifuri tatu mwaka 2013, alikuja Kashikishi kununua samaki akiwa na kwacha 20 mkononi, kwa sababu alikuwa anadaiwa 20,000 za zamani. Mama wa duka alilifungua daftari, daftari jingine sasa, akakata deni hilo mbele, akaligeuza juu chini, na kuandika 20 nyuma. Ilikuwa sufuria ya mtu mwingine.

Kisha ikaja 2017, akavuka mara ya pili. Kuanzia mwisho wa Agosti watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walimiminika tena kupitia Chiengi, na safari hii wenyeji wa kwanza walikuwa Wabwile, ambao ndugu zao wako pande zote mbili za mpaka. Kutoka hapo walisafirishwa kama kilomita 90 hadi kituo cha muda cha Kenani, wilaya ya Nchelenge. Sikio lake la Kiswahili lilisikia Kanaani, na alishukuru kwa jina hilo. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 10,000 walipita pale, zaidi ya nusu yao watoto.

Kenani ilikuwa na mpango ambao Kashikishi ya mwaka 2000 isingeweza kuwa nao, na mama mkubwa analisema hilo wazi. Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi iliongoza pamoja na UNHCR. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu. Save the Children walishughulikia watoto. Na vijana wa Msalaba Mwekundu wa Zambia, wengi wao wa Nchelenge humohumo, walibeba wazee na kuunganisha familia kwa simu. Chama hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1966, na watu wake wa kujitolea hawalipwi mshahara. Dharura ikizidi uwezo wake, huomba Geneva, kwenye mfuko wa maafa wa shirikisho lake la kimataifa ulioanzishwa 1985, na fedha hutoka ndani ya siku chache zikiwa zimehesabiwa kwa faranga za Uswisi. Bila mfuko kama huo, kipindupindu na surua vingewamaliza watoto waliolala chini ya turubai. Daftari halinunui chanjo.

Lakini fedha za namna hiyo zina tarehe ya mwisho, na hapo ndipo uchungu wake unapoanzia. Kila haja ina shirika lake, kila shirika lina fomu yake, na kila fomu ina mradi unaokwisha. Aliwahi kwenda ofisi moja kumwombea jirani kipofu, akaambiwa kipindi kimefungwa mwezi uliopita. Upofu wake haukuwa umefungwa mwezi uliopita. Alirudi nyumbani, akagonga milango mitano, akapata mtu wa kumchotea maji. Mpaka leo vijana waliovua vizibao huendelea kumpitia mzee huyo bila posho, na hakuna ripoti inayowahesabu.

Mantapala ilifunguliwa Januari 2018, na kila familia ikapewa kiwanja na kipande cha kulima. Shule na zahanati zikawa za wakimbizi na wenyeji pamoja. Chakula kikapungua, fedha za WFP zikaja, misaada ya Marekani ikakatwa mwaka 2025. Barua ya Msalaba Mwekundu imekuwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp.

Walikwenda msibani pamoja, yeye na binti wa mdogo wake. Njiani akamsimulia yote, kikombe cha chisense na sufuria za ukurasa wa nyuma, na binti akamsikiliza bila kugusa simu. Kashikishi ilikuwa imejaa watu, wengine wakisema Kibemba, wengine Kiswahili cha Katanga. Karibu na mlango wa duka alikaa kijana akiandika michango ya rambirambi: jina, kiasi, na safu ya tatu ya kundi lako. Waliotangulia walikuwa wameandika kwaya, jumuiya, chama cha wavuvi, chama cha wauza samaki.

Mama mkubwa alitoa kwacha 20. Kijana akamuuliza aandike kundi gani. Binti ndiye aliyejibu, akimtajia herufi moja moja: Pweto, ukurasa wa nyuma.