Wadudu wa Chini ya Mkuyu

Mito ya Kyuso, Kitui, haitiririki mwaka mzima. Hushuka kwa kishindo siku chache za Novemba na Desemba, hushuka tena kidogo Aprili, kisha hubaki mchanga mtupu huku maji yamejificha chini yake. Mgeni anayepita Agosti huona barabara ya mchanga tu. Sisi tuliozaliwa upande huu wa vilima vya Mumoni tulijua kwamba mto haukuwa ukikauka wote kwa pamoja. Penye kona, penye mwamba, na hasa penye mkuyu mkubwa, palibaki dimbwi, na dimbwi hilo lilikaa wiki nyingi baada ya mafuriko kupita.

Miaka ya 1970 kazi yetu watoto ilikuwa kunywesha mbuzi, lakini muda mwingi tuliumalizia kifudifudi juu ya mizizi ya mkuyu, tukitazama majini. Palikuwa na vidudu vyeusi vinavyong'aa vilivyozunguka bila kuchoka juu ya maji, na hata ukinyemelea vipi, mkono ulirudi mtupu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kila jicho la mdudu huyo limegawanyika, sehemu moja ikitazama hewani na nyingine majini. Palikuwa na wenye miguu mirefu waliotembea juu ya maji bila kuzama. Chini ya majani yaliyooza walilala tunutu wa kereng'ende, wa rangi ya matope, wanaorusha taya mbele na kunasa kiluwiluwi kabla hujapepesa jicho. Asubuhi tulikuta magamba yao matupu yameng'ang'ania mizizi, mwenyewe ameshatoka na kuruka. Niliowapenda zaidi ni kereng'ende wembamba wa bluu, wanaofunga mbawa wakitua. Walikaa kwenye vijiti vilivyogusa maji, na sikuwahi kuwaona juani.

Susu, bibi yetu, hakutaka tuyaondoe majani dimbwini. Tulidhani ni mila tu, kwa kuwa baadhi ya mikuyu ilikuwa ithembo, mahali pa kuombea mvua, na haikuguswa kwa shoka. Leo ninaelewa kwamba majani yale ndiyo yaliyokuwa chakula cha dimbwi zima. Jani likianguka majini huvamiwa na kuvu na bakteria, likalainika, kisha wadudu wadogo hulitafuna na kulivunja vipande. Vipande hivyo huliwa na wengine, na hao huliwa na tunutu. Tunutu akishapata mbawa huwa riziki ya ndege, popo na buibui wa mti ule ule uliodondosha jani.

Tena kuna kivuli. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji moto, na wadudu wengi wa majini hupumua kwa matamvua, kama samaki. Mizizi nayo hushika udongo wa ukingo usiporomoke na kuziba nafasi kati ya mawe, ambamo hao wadogo hujificha. Mwaka 2014 Frank Masese na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya. Walikuta kwamba vijito vya msituni vina aina nyingi zaidi za wadudu wanaotafuna majani kuliko vile vya mashambani. Kwetu si nyanda za juu, lakini niliposoma hayo nililiona dimbwi letu.

Watu husema ukame ndio ulioua mto wetu. Siwezi kukubali. Ukame wa 1984 uliua ng'ombe, ukatutia njaa, na mkuyu ukapukutika hata tukadhani umekufa. Mvua iliporudi dimbwi lilirudi, na wadudu wake pamoja nalo. Kilichoondoka bila kurudi kiliondoka kwa shoka. Migunga ilikwenda na magunia ya makaa. Mikuyu, isiyo na makaa mazuri, ilitumika kuchomea matofali, au ilikatwa ili nyanya na sukumawiki zipate jua karibu na pampu. Malori ya mchanga yakamalizia. Kanuni za maji za 2007 zilitaka ukingo uachwe, mita 6 hadi 30 kila upande. Kwetu mita hizo zimelimwa hadi mchangani. Gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipopiga marufuku biashara ya makaa na mchanga mwaka 2018 nilifurahi sana, ila ukingo wetu ulikuwa umeshabaki uchi.

Sasa mvua ikipita vinabaki vidimbwi vya juani, vya moto na vya kijani. Mbu wa malaria hupenda maji ya namna hiyo. Watafiti magharibi ya Kenya wameonyesha kwamba miti ikikatwa, maji hupata joto na viluwiluwi vya mbu hukua haraka zaidi. Na waliokuwa wakivila hawapo.

Novemba bado wanakuja kereng'ende wa manjano, makundi kwa makundi, pamoja na mvua. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alieleza kwamba hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia Maldives, hadi Afrika Mashariki. Hutaga popote penye maji, hata kwenye kidimbwi cha siku chache, na watoto wao hukua kwa wiki chache tu. Watoto wa siku hizi huwaona wakadhani kereng'ende wangalipo. Wale wa bluu sijawaona tena.

Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui tangu 1995, na majirani zangu nao wamejenga la kwao. Mchanga umejaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa ndani yake. Mkuyu hushika kwa tawi lililochomekwa kwenye unyevu, nasi tumechomeka matawi kadhaa na kuyazungushia miiba yasiliwe na mbuzi. Vijana wanaolima hapo wanataka miembe, kwa kuwa embe huuzwa sokoni Mwingi na kuyu haziuzwi. Siwalaumu, karo lazima ilipwe. Nimewaomba safu ya kwanza, ile inayogusa maji, iwe ya mikuyu, na miembe ifuate nyuma yake. Baadhi wamekubali. Wengine bado tunazungumza.