Mtoto akiuliza kama daraja litaanguka

Kila baba anapowasha lori kuelekea Kigoma, binti wa miaka tisa wa Mtendeni, Tabora, hugoma kula. Anataka kujua jambo moja tu: ardhi ikitikisika baba akiwa juu ya daraja la Malagarasi, itakuwaje?

Hofu hiyo ina chanzo. Septemba 10, 2016, mama yake alikuwa Bukoba kwa dada yake, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga alasiri. Watu wasiopungua 17 walifariki, wengi wakajeruhiwa, nyumba zikaanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Mama husimulia mkasa huo kila wageni wanapokuja, na mtoto amekua akiusikia.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: “Nyamaza mwanangu, Mungu yupo.” Mtoto alinyamaza, lakini hakulala. Akaanza kulalamika tumbo. Zahanati hawakuona ugonjwa. Wazazi wengi wanalijua tumbo la namna hiyo: linauma siku ya safari, linapona baba akipiga simu kusema amefika.

Likizo iliyopita alikuja mjomba wake, anayesomea uhandisi wa ujenzi. Aliposikia swali hakumwambia anyamaze. Alijaza udongo wa mfinyanzi kwenye ndoo, akachomeka vijiti viwili vya mwembe, kimoja kibichi na kingine kikavu.

“Tetemeko haliagizwi dukani,” alimwambia, “na daraja zima haliingii maabara.”

Kwa hiyo wahandisi hugawa kazi. Sehemu wanayoitilia shaka, mara nyingi nguzo, huijenga kweli kwa zege na nondo. Daraja lililobaki huwa hesabu ndani ya kompyuta. Kompyuta hupewa rekodi ya tetemeko lililowahi kutokea, kisha hukokotoa nguzo ingesogea kiasi gani katika sehemu ndogo ya sekunde. Jeki kubwa huisukuma nguzo kiasi hicho hicho. Vipimo husoma nguzo imegoma kwa nguvu gani, namba inarudi kwenye kompyuta, nayo inakokotoa hatua inayofuata. Tetemeko la sekunde chache linaweza kuchezwa kwa saa nyingi, polepole, huku watu wakitazama ufa wa kwanza unatokea wapi. Wajapani walianza majaribio ya aina hii miaka ya 1970.

Mjomba akawa kompyuta, mtoto akawa jeki.

“Sogeza nusu kidole. Kimegoma?”

“Kidogo.”

Mjomba aliandika kwenye daftari. “Sasa kidole kizima, upande wa pili.”

Baada ya hatua kumi na kitu, kijiti kikavu kilikatika. Kibichi kilipinda, kikachubuka, kikabaki kimesimama.

“Nguzo nzuri iwe hivyo,” alisema mjomba. “Iumie, lakini isianguke, watu wapate kushuka.” Katika zege, kazi hiyo hufanywa na nondo pamoja na ringi zinazozifunga. Mjini Kobe, Japani, Januari 17, 1995, nguzo za barabara ya juu zilishindwa na zaidi ya mita 600 za barabara zikalala ubavu. Watu zaidi ya 6,000 walikufa katika tetemeko hilo, na kanuni za ujenzi zikaandikwa upya.

“Kwa hiyo daraja la baba walilipima hivi?”

“Si kila daraja hupimwa hivi, mama. Majaribio haya husaidia kuandika kanuni, na wahandisi wanaojenga wanatakiwa kuzifuata. Siwezi kukuahidi kuwa halitaanguka kamwe.”

Mtoto alifikiri kidogo, akaugeukia ukuta wa jikoni. “Na huu, nani aliupima?”

Hakuna aliyejibu. Ukuta ule ni wa matofali ya udongo, una ufa kutoka sakafuni hadi karibu na paa, na kitanda cha mtoto kiko upande wa pili. Mama, aliyeiona Bukoba, alijua kwamba kule watu waliangukiwa na nyumba, si madaraja. Alijua pia kuwa Tabora haiko mbali sana na Bonde la Ufa: Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika.

Usiku huo huo kitanda kilihamishwa. Mwisho wa mwezi fundi aliitwa, ukuta ukabomolewa na kujengwa upya, safari hii ukifungwa kwa lenta yenye nondo. Familia nayo ilifanya mazoezi: ardhi ikitikisika, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, kaa mbali na kuta na madirisha, usikimbie mpaka mtikisiko ukome.

Tumbo halijaisha kabisa. Lakini safari iliyofuata mtoto alikula nusu sahani ya ugali, akamsindikiza baba mpaka kwenye lori.

“Ukifika Malagarasi, hesabu nguzo,” alimwambia. “Ukirudi uniambie ni ngapi.”

Mzazi hahitaji kuwa mhandisi. Mtoto mwenye hofu akiuliza, mpe ukweli anaoweza kuubeba, na kazi ya kufanya kwa mikono yake. Kisha kagua kitanda chake kimeegemea ukuta gani.