Kuhe Huzaa Mara Moja

Ukisoma vinasaba vya samaki wa mwituni, humkwepi samoni. Katika masomo yetu ya uzamili alitawala muhula mzima. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga kwenye mto uleule, ndiyo maana samoni wa mto mmoja hutofautiana kinasaba na wa mto jirani. Wengi wa Pasifiki hutaga mara moja tu, wakafa.

Mimi nimekulia Mwanga, Kigoma, na kila alipotajwa samoni nilimwona kuhe. Ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa familia ya sato duniani, na makao yake ni Tanganyika tu. Dume na jike hulinda maelfu ya vifaranga bila kula, wakikonda siku hadi siku. Watafiti wanaamini kwamba uzazi huo ndio wa kwanza na wa mwisho. Mvuvi akiwatoa wazazi hapo, vifaranga hubaki chakula cha kila apitaye. (Na kuhe ni mtamu, hilo siwezi kulificha.)

Lakini kijiografia kuhe si samoni hata kidogo. Vinasaba vyake karibu havitofautiani toka kaskazini ya ziwa hadi kusini, zaidi ya kilomita 600. Tropheus, samaki mdogo wa kwenye mawe anayeuzwa Ulaya kama pambo, ni kinyume chake: hapendi kuvuka mchanga, basi mwambao huu ana rangi hii, ule ana nyingine. Akiisha mahali, si rahisi wa jirani kuja kuziba pengo.

Na dagaa? Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mama alinipigia simu. Ada yangu imetoka kwenye dagaa wake wa Kibirizi.

“Mwanangu, wewe unayesoma samaki, hao wa Kongo si haohao wetu?”

“Ndio haohao, mama. Dagaa ni ukoo mmoja karibu ziwa zima. Tukipumzisha sisi, wenzetu wakivua, ni kazi bure. Ndiyo maana nchi zote nne zilikubaliana.”

“Haya. Na mwenye nyumba nimwambie asubiri dagaa wazaane?”

Nikamtumia elfu thelathini kutoka kwenye posho yangu. Agosti 16 alikuwa mwaloni kabla ya alfajiri.