Mfuko wa Mkono wa Kushoto

Najua bosi wangu ana kilo ngapi. Kwanza aliniandikia 62. Siku mbili baadaye, saa tano usiku, akatuma ujumbe mfupi: andika 71, usimwambie mume wangu. Mimi ndiye niliyemtisha. Nilikuwa nimemweleza kwamba duka la kukodisha skii huuliza uzito, urefu, umri na uzoefu ili wajue wakaze kiasi gani vile vibanio vinavyoshika kiatu. Ukipunguza kilo, kiatu kinaachia katikati ya mteremko bila sababu. Ukiongeza, kinakataa kuachia unapoanguka, na goti ndilo linalolipa.

Hayo yote nimeyajulia kwenye bedsita ya Zimmerman, laptopu ikiwa juu ya meza ya plastiki. Mimi ni VA, msaidizi wa watu ambao sijawahi kuonana nao. Huyu anaishi London, ana mume na watoto wawili, na hulipa kwa wakati, jambo ambalo si dogo.

Walitaka Zermatt, kule Uswisi, mwezi wa Februari, ile wiki shule za Uingereza hufunga katikati ya muhula na bei hupaa. Zermatt haikubali magari ya wageni. Ukija na gari unaliacha Täsch, unapanda treni kama dakika 12, kisha teksi ndogo za umeme zinakufikisha hotelini. Wao wangetua Zürich, wachukue treni hadi Visp, halafu nyingine inayopanda bonde. Nilihesabu mabegi. Nilipanga mwalimu wa watoto na mwalimu wa wazazi ili masaa yasigongane. Tofauti ya bei kati ya chumba kinachotazama Matterhorn na kisichotazama, kwa usiku mmoja tu, ingenilipia kodi ya mwezi na tokeni za stima zikabaki. Nilichukua kinachotazama. Ukishatoka London hadi kule ukae ukiangalia ukuta?

Halafu siku moja akaandika: mbona usije nasi? Ungetusaidia na watoto jioni, tutalipa kila kitu.

Nilisoma huo ujumbe mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nikaongeza kitanda kwenye chumba cha watoto, nikaandika jina langu. Nikatafuta tarehe ya miadi ya viza. Nikampigia mamangu, anayeishi Naro Moru na huuona Mlima Kenya akikama ng'ombe asubuhi, kukiwa hakuna mawingu. Akacheka. "Theluji si iko hapo juu? Na hiyo ni ya bure." Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja jirani aliyehama, kwamba alipokuwa msichana ule weupe ulikuwa mkubwa zaidi.

Kesho yake M-Pesa ikalia: 85,000. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na nilijua hizo ni pesa za mabati. "Weka kwa akaunti," akasema, "wasikuone ni kama huna kwenu."

Nikaenda Gikomba nikanunua jaketi ya bluu, soo nane. Ilikuwa na kamfuko kadogo kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja. Muuzaji akaapa ni ka simu. Simu gani hiyo? Mimi nilijua ni ka kadi ya lifti: unasimama getini, mashine inaisoma ndani ya nguo, unapita bila kuvua glavu. Nilijiona mjanja sana, nikalipa bila hata kubishana bei.

Wiki tatu kabla ya miadi, ujumbe ukaja. Wameongea na mumewe, wanaona itakuwa rahisi wakipata yaya wa huko huko. Pengine walikuwa na haki. Viza ya mtalii si ya kulea watoto wa watu. Lakini hakutaja viza. Aliandika tu: utatutafutia?

Nikawatafutia. Nilipata msichana anayeongea Kiingereza na Kifaransa, na anayeteleza vizuri kuliko wao wote. Nikafuta jina langu kwenye kile kitanda. Kisha nikakumbuka kwamba yeye hulala kwao, nikakifuta na kitanda.

Mamangu nilimrudishia pesa zote, na ya kutoa juu. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Sasa hao watoto wataangaliwa na nani?"

"Nimewapatia mtu."

"Ni mzuri?"

"Ni mzuri, mum."

"Haya."

Jaketi nilimuuzia kijana wa boda wa stage yetu, thao moja. Faida ya soo mbili, usinicheke. Akaigeuzageuza. "Siz, hii kamfuko ni ya nini?" Nikamweleza habari za geti na kadi na glavu. Akasema, "Kumbe," akakafunga zipu.

Jumatatu ya ile wiki yao alinibeba usiku kutoka Roysambu. Kumbe hako kamfuko ndiko anakowekea chenji. Alikuwa anakafungua anirudishie hamsini simu ilipotetemeka. Mtoto mdogo amepoteza kadi ya lifti, geti linamkatalia kesho asubuhi, wafanye nini?

Nilisimama hapo getini kwetu, chenji mkononi, nikaanza kuandika: usijali, inazimwa na kutolewa nyingine, nitumie namba ya risiti.