Moshi Utatokea Wapi?

Kidato cha tatu kuna mada ya fankisheni, na ndani yake kipengele ambacho wanafunzi wangu wa Sumbawanga walikuwa wakikikariri tu: thamani za x zinazoruhusiwa. Waliandika kwa kuwa mtihani wa taifa unataka, wakapata alama, wakasahau. Mstari kwao ulikuwa kitu cha kuvutwa hadi ukingo wa karatasi.

Muhula mmoja nikawaambia wachore kitu cha huku kwetu Ufipa kwa milinganyo peke yake. Rula ruksa, ila hakuna mstari usio na mlinganyo wake pembeni. Wengi walikimbilia nyumba ya bati, kwa sababu ni mistari minyoofu mitupu. Binti mmoja akachagua ilungu, tanuru refu la udongo ambalo Wafipa waliyeyushia chuma. Babu yake alishamwonyesha gofu la ilungu.

Ukuta wa kushoto akauandika y = 6x + 12, wa kulia y = −6x + 12. Sawasawa kabisa. Lakini aliiacha mistari ipande mpaka ikakutana kwenye 12, tanuru likachongoka kama paa la msonge. Jirani yake akachungulia: “Sasa wewe, moshi utatokea wapi?”

Darasa likacheka, ila swali lilikuwa la kifundi. Ilungu halikuvukutwa, mivukuto ilikuwa ya kitanuru kingine kidogo cha kusafishia chuma baadaye. Hili kubwa lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, na urefu wake ndio uliofanya kazi hiyo. Ukiliziba juu, moto unakufa. Binti akafuta, akaandika: x kuanzia −2 hadi −1, na upande wa pili 1 hadi 2. Kwenye kimo cha 6 mdomo ukabaki wazi.

Tundu la katikati lilikuwa y = 1 − 4x². Kupata la kulia akaweka (x − 1) mahali pa x, na hapo ndipo nikaulizwa kwa nini kutoa kunasogeza mchoro kulia. Miaka yote nilikuwa nikilisema ubaoni bila kuulizwa! Kilele kinakaa pale mabano yanapokuwa sifuri, basi.

Mkuu wa taaluma wa wakati huo alinung’unika kwamba silabasi haiishi kwa picha. Basi karatasi za grafu nikawa nanunua mwenyewe steshenari.

Mwaka uliofuata tulichora nchi yenyewe: uwanda wa mita kama 1,800, kisha ukingo unaoporomoka hadi Ziwa Rukwa, mita kama 800. Fankisheni ya vipande vitatu, viwili vyake vimelala. Ugomvi ukazuka juu ya kile cha katikati. Wa mjini waliandika mteremko hasi, kijana wa Mtowisa akaandika chanya, kwa kuwa kwao ziwa liko kushoto na shule iko juu kulia, safari ya kupanda. Nikawapa wote alama.