Diski Mpya na Daftari la Ubatizo



Wapendwa waamini, juma hili sitatafakari somo la Dominika. Wengi wenu mlifika ofisi ya parokia mkakuta tangazo mlangoni kwamba vyeti havitatolewa kwa siku mbili, na baadhi yenu mlinung'unika, tena kwa haki. Napenda niwaeleze kilichokuwa kikifanyika, kwa maana kinamhusu kila mmoja ambaye jina lake limo katika daftari letu.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa na diski ya mtindo wa zamani. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachosoma juu yake pasipo kuzigusa. Ni ufundi wa kustaajabisha. Diski ya kwanza ya namna hiyo, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5 tu; leo picha moja au mbili za simu zingeijaza. Lakini kitu kinachozunguka huchakaa. Yetu ilikwisha kuanza kugongagonga, na tangu kubonyeza kitufe hadi kompyuta kuwa tayari kwa kazi, katibu aliweza kusali fungu zima la rozari.

Halmashauri ikaridhia kununua diski ya aina mpya, ile ambayo mafundi huiita SSD. Hii haina kinachozunguka. Habari hutunzwa kwa chaji za umeme zilizofungiwa katika vijumba vidogo mno, kwa teknolojia iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka katika miaka ya 1980.

Watu wengi hudhani kuhama ni kunakili mafaili tu. Sivyo. Ukinakili kila faili unaloliona, ukaifunga diski mpya na kubonyeza kitufe, kompyuta haitawaka. Iko sehemu ndogo iliyofichwa, mara nyingi ya megabaiti 100 hivi, yenye programu ya kuuamsha mfumo endeshi. Pasipo hiyo mafaili yote hulala kama maiti. Ndiyo maana fundi hunakili diski nzima, yanayoonekana na yasiyoonekana. (Naona jinsi mahubiri yanavyojiandika yenyewe hapa. Nitayaacha, tusije tukaichosha mifano.)

Kijana wa kwaya aliyetusaidia aliniuliza, "Padre, tunakili kila kitu kama kilivyo, au tuweke mfumo mpya kabisa?" Swali hilo lilinifikirisha kuliko nilivyotarajia. Nakala kamili huhifadhi kila kitu mahali pake, lakini huhamisha pia takataka za miaka yote, na hata virusi kama vipo. Kuanza upya kunasafisha. Ila programu ya zamani tuliyotumia kuingizia majina ya waliobatizwa haina tena diski yake ya kuisimika. Mpenda usafi angeipoteza. Tukachagua nakala kamili, na usafi tukaupangia siku yake.

Hata hivyo hatukuanza na mfumo. Tulianza na faili la ubatizo, tukaliweka kwanza mahali pawili nje ya kompyuta ile. Diski inayougua ikilazimishwa kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho yaweza kufa katikati ya kazi hiyo, kama mgonjwa anayehamishiwa hospitali kwa barabara mbovu. Kinachoumiza zaidi kukipoteza hutolewa kwanza.

Na daftari hilo si jambo dogo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko watunze kitabu cha ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inadai vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu katika kila parokia, na kwamba Kipaimara na ndoa viandikwe pia penye jina la ubatizo. Lakini sheria kando: wako wazee kati yetu ambao hawana karatasi nyingine yoyote duniani inayotaja mwaka wao wa kuzaliwa. Mama mmoja mjane alikuwa akisubiri cheti kwa ajili ya mafao ya marehemu mumewe siku ileile tulipofunga. Yeye hakunung'unika, na kwa sababu hiyo nilizidi kumwonea haya.

Kazi ilifanyika usiku, kompyuta ikiwa imeunganishwa na betri ya akiba kwa kuhofia umeme kukatika. Ilipokwisha, diski ya zamani iliondolewa kabla ya kuwasha, kwa kuwa pacha wawili wanaofanana kabisa humchanganya mwenye nyumba. Kompyuta iliwaka kwa sekunde chache. Kijana alishangilia, mimi niliomba tusubiri. Kuwaka si ushahidi kwamba yote yamo. Tulifungua kurasa za miaka mbalimbali, tukalinganisha majina na vitabu vya karatasi, moja baada ya jingine, hadi kengele ya Misa ya asubuhi.

Vitabu hivyo vya karatasi vinabaki kuwa rejea yetu. Diski mpya ina kasi, lakini ina tabia moja isiyonipendeza: ya zamani aghalabu hugugumia kabla ya kufa, ilhali hii yaweza kunyamaza ghafla pasipo dalili. Tena ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme, chaji zake huweza kuvuja. Basi nakala ya faili itafanywa kila Jumamosi jioni, na katibu ataweka sahihi kuwa imefanyika.

Ile ya zamani hatukuifuta. Imefungwa kwa bahasha, imeandikwa tarehe, na imo katika kabati la chuma pamoja na vitabu. Vyeti vinatolewa tena tangu Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mama yule amekwisha kupata chake.

Nawatakia Dominika njema.