Tiketi Haivuki Mpaka

Kanisani kwetu hapa Dayton, Ohio, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya shuhuda. Mtu anasimama anashukuru kwa makaratasi ya ukaazi, kwa mtoto aliyetoka hospitali, kwa mzee aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na sasa amepata ndege. Miezi minane nilikaa viti vya nyuma nikipigia makofi shuhuda za wenzangu, yangu nikaimeza. Nani asimame na maikrofoni aseme Mungu amemtoa kwenye tiketi ya mwendo kasi?

Juni 2021 tulipata msiba Greensboro, North Carolina. Aliyefariki ni mama mdogo, yule aliyenifunga mgongoni kwa kitenge mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, kwetu Kongo, tukavuka Ziwa Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi mpaka upande wa Kigoma. Mtu wa namna hiyo hazikwi kwa simu. Nilitoka zamu asubuhi, nikaoga, nikawapakia mke na watoto wawili, tukashika njia. West Virginia na vibanda vyake vya kulipia barabara, kisha mahandaki yanayotoboa milima pale unapoingia Virginia, halafu Fancy Gap, mteremko mrefu ambao ukiuanza unaiona North Carolina imelala chini huko. Mteremko huo haudai mafuta. Gari linajiendea lenyewe, nawe una msiba kichwani.

Tulipofika chini nikaona taa za buluu kwenye kioo. Mashine ilisema maili 79, kibao kilisema 65. Sikuwa na la kubisha. Askari alikuwa mtu wa adabu, aliwatazama watoto waliolala, akanipa karatasi, akasema maneno mengi ambayo kati yake nilishika mawili: mahakama, na tarehe. Kisha akaniambia nisafiri salama. Nikaona huyu amenisamehe nusu.

Usiku ule, tumekaa nje kwenye viti vya plastiki, nikamwonyesha shemeji ile karatasi. Akacheka. “Weka mfukoni hiyo. Tiketi ya jimbo lingine haivuki mpaka. Mimi mwenyewe ninayo ya Michigan, mwaka wa tatu huu, nani amenifuata?” Wazee waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Hata kinyozi wetu wa Dayton nilikuwa nimemsikia akifundisha hivyo hivyo.

Na mimi nikaamini, tena si kwa ujinga tu. Kwa mtu aliyekulia kambini, mpaka ni kitu chenye nguvu. Ukivuka ziwa, kilichokuwa kinakukimbiza kinabaki ng'ambo. Hati ya ng'ambo haina kazi huku, cheo cha ng'ambo hakina kazi, hata cheti cha shule kinageuka karatasi ya kufungia karanga. Sasa hapa Marekani kila jimbo lina bendera yake, gavana wake, kodi zake, sura yake ya leseni. Kwangu hizo zilikuwa nchi hamsini zilizopanga mstari. Tiketi ya nchi nyingine ingenifuataje?

Wiki haijaisha, sanduku letu la barua likajaa bahasha za mawakili wa North Carolina. Nilizihesabu saba. Tiketi kule ni kumbukumbu za wazi, kwa hiyo mawakili huzisoma na kutafuta kazi kwa kuwaandikia waliokamatwa. Nikazitupa pamoja na matangazo ya pitsa. Ningejiuliza tu swali moja, hawa watu wa mbali wamejuaje ninapolala, pengine ningeshtuka kwamba mpaka umeshavukwa mara saba.

Tarehe ya mahakama ilikuwa Julai. Siku hiyo nilikuwa ghalani napanga maboksi. Agosti tukahamia nyumba yenye chumba cha ziada. Kazini nikawaambia, shuleni nikawaambia, watu wa umeme nikawaambia. Ofisi ya leseni haikunijia akilini hata mara moja. Barua zao zikaenda mlango wa zamani.

Januari 2022, saa tano na nusu usiku, natoka zamu ya pili na abiria wangu wanne. Niseme kidogo juu ya hao wanne, maana ndio walioumia. Maghala mengi ya hapa yako kaskazini, karibu na uwanja wa ndege. Mjini tuna mabasi mazuri, mengine yanatembea kwa nyaya za umeme juu, lakini zamu ya pili ikitoka basi la kukurudisha huna. Mwenye gari anakuwa mzazi wa watu. Kila mmoja alinipa dola 30 kwa wiki za mafuta, na mimi nilijiona mtu.

Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Askari akachukua leseni yangu, akakaa kwenye gari lake muda mrefu mno kwa taa moja. Aliporudi akasema neno ambalo kwetu Uvira kila fundi wa gari analijua: saspenshoni. Nikamjibu kwa ujasiri kwamba gari ni zima, shokabu nimebadilisha mwezi uliopita. Akanitazama kama mtu anayepima kama namdhihaki. Mmoja wa abiria, kijana aliyesoma shule ya hapa, akaniinamia sikioni: “Kaka, si gari. Ni perimi yako. Umefungiwa.”

Tangu Novemba, kumbe. Miezi miwili nilikuwa naendesha nikiwa na kipande cha plastiki kisichokuwa na uhai. Na hapa Ohio, kuendesha ukiwa umefungiwa leseni si faini ya barabarani, ni shtaka la jinai. Nikapewa hati ya kwenda mahakamani, gari likaburutwa na bredauni, na sisi watano tukasimama kwenye theluji tukiulizana nani ana chaji ya simu. Tulitembea mpaka kituo cha mafuta. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kijana yule wa kunong'ona alikosa zamu mbili wiki iliyofuata, akaachishwa.

Nikaipigia simu ofisi ya leseni, nikapewa mkalimani, dada wa sauti nzuri, nadhani wa Mombasa, ambaye aliniambia leseni yangu “imeahirishwa”. Nikauliza imeahirishwa mpaka lini. Akauliza upande wa pili, akarudi: mpaka utakapotii. Tukaenda hivyo robo saa, mimi nangoja tarehe, yeye ananipa sharti. Mwishowe nikaelewa kwamba tarehe haipo. Kufungiwa kwa namna hii hakuna miezi mitatu wala sita. Mlango unabaki umefungwa mpaka ukamalize neno kule ulikolianzisha.

Baadaye wakili niliyepewa na mahakama, mtu mvumilivu, alinifafanulia kwa kuchora kwenye karatasi. Zamani dereva wa jimbo lingine akikamatwa aliweza kuwekwa mpaka alipe dhamana, kwa sababu ukimwachia anavuka na humwoni tena. Kuanzia miaka ya 1970 majimbo yakaandikiana mkataba juu ya wakosaji wageni: mgeni aachiwe aende zake kama mwenyeji, kwa neno lake tu kwamba atajibu. Asipojibu, jimbo lililomkamata linaliandikia jimbo la nyumbani, na la nyumbani ndilo linalofunga leseni. Majimbo 44 yamo pamoja na Washington, D.C. Yaliyo nje ni sita: Alaska, California, Michigan, Montana, Oregon na Wisconsin.

Aliposema Michigan nikaweka kalamu chini. Shemeji hakunidanganya. Kufikia siku ile alichokisema kilikuwa kweli kwa tiketi yake, kikawa uongo kwa yangu, na wote tuliokaa kwenye viti vile vya plastiki hatukujua kwamba kuna orodha.

Nikakumbuka pia adabu ya yule askari. Hakuwa amenisamehe nusu. Alikuwa amenikopesha, na rehani ilikuwa neno langu, nami sikujua kama nimelitoa.

Ushauri haukukosekana. Binamu alinipigia kutoka Indianapolis: hamia huku, chukua perimi mpya, anza upya. Nilikaribia kufunga mabegi. Wakili akatikisa kichwa. Ipo rejista ya taifa ya madereva, tangu 1960, na jimbo linalokupa leseni huiuliza kwanza kama umefungiwa mahali pengine. Ningefika dirishani na jina langu lingekuwa limefika kabla yangu.

Kule North Carolina kosa lenyewe lilikuwa dogo, faini isiyofika hata hesabu ya kununua tairi. Gharama za mahakama ndizo kubwa, zinaizidi faini mara kadhaa. Juu yake dola 200 za kutotokea siku ya kesi. Ningeweza kulipa zote kwa posta na kumaliza, lakini kulipa ni kukiri, na kosa lililokiriwa huandikwa na kusafiri mpaka kwenye rekodi ya nyumbani na ya bima. Kwa hiyo nikafanya nilichokuwa nimekitupa jalalani: nikatafuta wakili wa kule. Dola 250. Akasimama mahakamani bila mimi kuwepo, na kosa langu likapunguzwa kuwa la kifaa kibovu, yaani kipima mwendo kibovu. Ni jambo la kawaida kwao, kila mtu pale anajua kipima mwendo kiko sawa. Mimi niliyelelewa na mlokole, bado linanikwaruza. Lakini nililipa na nikasema asante.

Wiki tisa nilizokaa bila leseni, mke wangu ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa na leseni, ila hakuwahi kuingia barabara kuu, aliiogopa kama mto wenye mamba. Usiku wa kwanza aliendesha maili 40 kwa saa, taa za hatari zikiwaka, akiimba pambio kwa sauti ya juu. Watoto hawakuwa na wa kuwaangalia, kwa hiyo walikuja nao, wamefungwa mikanda ndani ya mablanketi, saa sita za usiku, siku tano kwa wiki. Nikifungua mlango wa gari pale getini nilikuwa nakutana na joto lao la usingizi. Mwanangu wa kwanza aliniuliza siku moja bila kufumbua macho: “Baba, bado hawajakufungulia?”

Kulikuwa na woga mwingine ambao sikumwambia hata mke. Fomu ya kuomba uraia, ile N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa. Sisi tulikuwa tumengoja miaka ishirini kambini kuandika jina kwenye fomu isiyoanza na neno mkimbizi. Nililala nikiiona ile taa ya nyuma, balbu ya dola tano.

Karatasi ya kuthibitisha kwamba nimemaliza ilipotoka North Carolina niliituma, nikailipa Ohio ada ya kufungua, nikangoja. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi: kulipa kule hakukufungulii huku. Ni milango miwili, yenye funguo mbili. Jamaa mmoja wa kwaya alilipa tiketi yake ya Indiana, akarudi barabarani siku hiyo hiyo, akakamatwa tena kwa sababu ada ya huku hakuijua. Mimi sikugusa usukani mpaka nilipoiona rekodi yangu kwa macho, neno “halali”, kwenye kompyuta ya maktaba ya mtaani. Nilimwomba mkutubi anisomee mara mbili.

Hakimu wa Ohio alipoona leseni imefunguliwa, shtaka likapunguzwa, nikalipa faini. Nikijumlisha bredauni, siku za yadi, mawakili, mahakama mbili na ada, ilipita dola 1,500. Bima nayo ikapanda. Shemeji? Alipokwenda kuhuisha leseni yake, ile rejista ikamtaja, na Michigan ikadai chake. Alinipigia simu akakaa kimya kwanza. Nikamwambia, shemeji, chukua kalamu.

Septemba nikasimama kanisani. Sikuwa nimepanga. Nilishika maikrofoni nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza haya yote, na shokabu nikaieleza, watu wakacheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Kisha nikauliza: nani hapa ana karatasi ya jimbo lingine ndani ya gari lake? Kicheko kikakatika. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Baada ya ibada, kwenye maegesho, walinijia mmoja mmoja kama watu wanaokuja kuungama. Kentucky. Tennessee. Kentucky tena. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa kwetu, wa Fizi, mtu mzima, ambaye mwanawe ndiye humwendesha. Alitoa kwenye mkoba wake bahasha ambayo haijafunguliwa, imekunjwa mara nne, pembe zimelainika.

“Mwanangu, huyu kijana ananiambia ni tangazo. Hebu nisomee.”

Niliifungua kwa ufunguo wa gari. Nikaipita mihuri, nikalipita jina, nikaitafuta tarehe. Ilikuwa Alhamisi inayokuja.